Bati, Kuku na Makro Iliyopotea

Kompaila, ile programu inayoitafsiria mashine maandishi yangu, haijui salamu. Unaweza kuamka na furaha yako, umeoga, chai imeshuka vizuri, ukaketi mbele yake kama mtu mwenye heshima zake, nayo ikakutemea mstari mwekundu usoni hata hujasema hodi. Kwangu mstari ulikuwa ule ule, Jumatatu, Jumanne na Jumatano: NI_KWELI_NILIONA haijulikani. Haijulikani! Jina nililolitunga mwenyewe, kwa vidole vyangu, ndani ya stoo yangu!

Kabla hujanihukumu, mjue kwanza dada yangu. Ni mnadi. Kwenye yadi ya mnada wa vyombo vilivyotumika, makabati, majiko, vyerehani, saa zisizokubaliana, yeye ndiye anayesimama jukwaani na kuvipandisha bei mpaka mtu aliyekuja kutafuta kijiti cha pazia anaondoka na kitanda. Watu humwita Kipaza, maana hajawahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Akisema "Imeuzwa!" kunguru wa mtaa wa pili huhama. Mimi wananiita Kamba, kwa madai kwamba hadithi zangu hurefuka kadiri zinavyovutwa. Fitina tupu. Nilikuwa fundi wa simu za mezani. Simu za mezani zikastaafu, nikastaafu nazo. Hii lugha ya C, ya kuiambia mashine nini cha kufanya, nilijifunza peke yangu kwa kitabu kilichokosa jalada na sura za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo mambo ya katikati nayajua kuliko ya mwanzo.

Basi daktari alimkuta dada na uvimbe kooni. Zoloto, pale sauti inapotokea, likabidi litoke. "Baada ya upasuaji utakula, utatembea, utapumua kwa tundu hapa shingoni," akamwambia. "Kusema ndiyo hapana."

Dada akamtazama, akasema, "Daktari, hapo umenibakishia nini?"

Wiki moja kabla ya kisu, nilitundika mablanketi kwenye kuta za stoo, nikamketisha ndani na kinasa sauti. Akanena kazi yake yote: namba, "nani anaongeza?", "mara ya kwanza, mara ya pili", "imeuzwa", "ondoa mikono michafu kwenye kabati la watu", na "acha ujinga", ambayo ndiyo anayoitumia kuliko zote. Mimi nikatengeneza kisanduku cha kuvaa shingoni kwa mkanda, chenye vitufe na spika. Bonyeza kitufe, sauti ya Kipaza inatoka.

Binti yake, mpwa wangu, anafanya kazi za kompyuta katika mji mwingine. Yeye akaniandikia programu ndogo tukaibatiza Karani. Kazi ya Karani ni kupita kwenye folda la sauti, kuzipanga kwa alfabeti, kisha kuniandikia faili la kichwa: faili lenye jina la kila sauti na namba ya mahali inapokaa kwenye kumbukumbu ya kisanduku. Kila jina ni makro. Mimi naandika IMEUZWA, kompaila inaondoa jina na kuweka namba yake, kisanduku kinaropoka. Juu kabisa ya faili hilo Karani huandika kwa herufi kubwa: LIMEANDIKWA NA MASHINE. MKONO WA MTU USIGUSE.

Upasuaji ukapita salama. Likabaki jukwaa. Bosi wa yadi alikuja kumwona dada akiwa na mfuko wa matunda na habari mbaya. "Mama, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini vyombo vinalundikana. Jumamosi njoo na sauti. Usipokuja nayo, jukwaa nampa yule jamaa wa spika."

Yule jamaa wa spika! Mtu anayenadi kabati kama anayesoma matangazo ya msiba. Na jukwaa likishapata mtu halirudi. Dada alijua, nami nilijua. Aligonga meza kwa kijiko mara moja, ndiyo sauti yake mpya, maana yake: nitakuja.

Sasa turudi kwenye ile makro, na hapo hatuwezi kukwepa habari ya kuku.

Tulipokuwa wadogo, upepo uling'oa bati la jiko letu. Juu ya bati kulikuwa na kuku anaatamia. Bati likapaa na kuku wake, likavuka mto, likaizunguka shule kama linatafuta mlango, likatua kwenye ua wa mwalimu mkuu. Kuku hakuinuka. Mayai yakaanguliwa palepale, vifaranga wasijue kwamba mimba ni ya kata moja na uzazi ni wa kata nyingine. Tulioshuhudia ni wawili, mimi na dada. Na dada, maisha yake yote, mbele ya wazazi, wakwe, majirani na wajukuu, amekana. "Kuku alikuwa ndani ya tenga," ndiyo kauli yake. "Kamba unatia chumvi mpaka chakula kinakuwa bahari."

Kwa hiyo siku ile ya kunasa sauti, tulipomaliza maneno ya kazi, nilimwomba moja la ziada. "Dada, sauti inaondoka. Niachie sentensi moja tu: Ni kweli, niliona."

Alinitazama sana. Kisha akasema, "Toka nje. Siwezi kutoa ushahidi huku umenikodolea macho."

Nikatoka. Alikaa humo hata nikaanza kusogeza sikio mlangoni. Akafungua akiwa anatabasamu.

"Umesema?"

"Nimesema. Ila usisikilize mpaka kisanduku kikamilike, nikisikilize na mimi. Apa."

Nikaapa. Nikatengeneza kitufe chekundu, kikubwa kuliko vyote, nikakipa jina lile lile nililoipa ile sauti kwenye folda: NI_KWELI_NILIONA.

Sasa Jumatatu hiyo kompaila inaniambia haijulikani. Nikafungua faili la kichwa. Majina yote yapo, yamejipanga kama wanafunzi siku ya mkaguzi, isipokuwa hilo. Nikafungua folda la sauti. Sauti yenyewe ipo, tena faili lake kubwa kuliko mengine yote. Basi nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye damu angefanya: nikagusa. Nikaandika mstari wangu kwa mkono, `#define`, jina, namba. Nikaamuru kompaila ianze. Mstari mwekundu. Nikafungua faili: mstari wangu hakuna.

Nikaandika tena. Ukapotea tena. Nikaandika kwa haraka, kana kwamba nikiiwahi mashine itanionea haya. Ukapotea. Nikalifunga faili lisiandikike. Likafutwa lote, likaandikwa jipya, bila mstari wangu. Nilipiga meza, kikombe kikaruka, chai ikamwagikia kitabu changu. Zile sura za katikati nazo sasa zimeshikana.

Simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa dada, aliyekuwa ameketi barazani, hatua chache kutoka mlango wa stoo.

"Nasikia unapigana na nani humo?"

Nikatoa kichwa dirishani. "Kuna mtu anafuta kazi yangu!"

Akaandika: "Njia ya mwongo fupi. Kisanduku lini?"

"Kesho!"

Akagonga kijiko kwenye ukuta, mara mbili. Mara mbili ni "acha ujinga" mpaka kisanduku kikamilike.

Jumatano nikameza kiburi, nikampigia mpwa wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karani wako ni mwizi."

"Kaiba nini tena?"

"Makro. Naiweka, anaiondoa. Naiweka, anaiondoa."

"Mjomba, umeandika kwa mkono ndani ya faili la kichwa?"

"Kidogo."

"Mjomba! Kila unapoiamuru kompaila ianze, Karani anatangulia kuliandika faili upya. Ungeandika mpaka vidole viote sugu. Si nimeandika pale juu usiguse?"

"Nilidhani ni kwa wageni."

Nikamsikia akivuta pumzi kama mtu anayehesabu. "Sikiliza. Kama jina halimo, Karani ana sababu. Huruka sauti iliyoharibika au isiyo na kitu. Hiyo sauti umeisikiliza?"

"Nimeapa nisiisikilize."

"Umeapa?"

Nikamweleza. Bati, kuku, mto, shule.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "sauti zote za mama ziko tayari. Kisanduku kizima kimekwama kwa kitufe kimoja. Toa hicho kitufe, kompaila itapita sasa hivi, mama aende kazini. Au jukwaa la mama yangu liondoke kwa sababu ya kuku?"

"Na bati," nikasema.

Akakata simu. Watoto wa siku hizi.

Lakini maneno yake yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Alhamisi nikatafuta njia ya katikati, si unajua mimi ni mtu wa sura za katikati. Kwenye programu yangu mwenyewe, ambako Karani hafiki, niliandika: kama jina hili halipo, lihesabu kuwa sifuri. Kompaila ikasoma, ikanyamaza. Haikutema kitu! Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye rafu, nikatoka nje na kisanduku mikononi kama mtu aliyebeba kitoto kichanga.

Dada akakivaa. Akabonyeza kitufe cha kijani.

"IMEUZWA!"

Kunguru wakaruka. Dada akajiziba mdomo kwa kiganja, akabaki hivyo, macho yamejaa. Akabonyeza namba, akabonyeza "nani anaongeza?", akabonyeza "ondoa mikono michafu". Kila kimoja kilikuwa yeye, yule wa zamani.

"Sasa," nikasema, nikajisafisha koo kwa niaba ya historia, "kile chekundu."

Akanitazama kwa namna, akabonyeza.

"ACHA UJINGA!"

Nilidhani kidole kimeteleza. Nikabonyeza mwenyewe.

"ACHA UJINGA!"

Fikiria. Sifuri ni mahali pa kwanza kwenye kumbukumbu, na Karani hupanga kwa alfabeti. Kwa ufundi wangu mwenyewe nilikuwa nimekielekeza kitufe cha ushahidi kwenye tusi la kwanza. Dada akacheka. Mabega yalitikisika, machozi yakashuka, lakini sauti haikuwapo, ila hewa tu ikipuliza tunduni shingoni, fyu, fyu, kama baiskeli inayotobolewa tairi. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu atoke hospitali. Nikageuka kutazama ukuta.

Simu ikalia. "Kiache hivyo hivyo. Kinatosha."

Mwenye akili angekiacha.

"Nipe nirekebishe kidogo," nikasema.

Akakikumbatia. Nikavuta. Akanipiga kijiko cha mkono. Nikavuta tena, mkanda ukateleza, nikaingia nacho stoo na kufunga mlango, mtu mzima na mvi zangu.

Sijui nisemeje kuhusu Ijumaa. Nilikuwa na hasira na Karani, hasira ya mtu aliyedharauliwa na karatasi. Nikasema kama analigusa faili langu, nami nitamgusa yeye. Nikamfungua tumboni. Kaandikwa kwa lugha nyingine kabisa, siyo C, haina hata nukta mkato, inatembea uchi. Nikafuta mstari mmoja uliokaa kichochezi, nikasogeza mwingine, nikaamuru kompaila ianze.

Mvua ya mawe. IMEUZWA haijulikani. MOJA haijulikani. NANI_ANAONGEZA haijulikani. Mistari myekundu ikashuka kioo kizima, ikaendelea kushuka. Nikafungua faili la kichwa: LIMEANDIKWA NA MASHINE. MKONO WA MTU USIGUSE. Chini ya hapo, hakuna kitu. Jeupe. Na kisanduku, nilichokuwa nimekifuta kumbukumbu ili kipokee programu mpya, kilikuwa bubu kama jiwe.

Mlango ukagongwa kwa kijiko. Sikufungua. Ukagongwa tena, mara moja tu, taratibu. Nikafungua.

Dada akatazama kioo, akatazama kisanduku, akabonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Akabonyeza tena. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaweka mikono mapajani. Hakugonga kitu. Heri angenipiga.

Nikampigia mpwa wangu mbele yake.

"Mjomba, umemgusa Karani?"

Safari hii sikuweza hata kusema "kidogo". Nikasema, "Ndiyo."

Hakunifokea. Akanitumia Karani mzima, asiye na alama za mikono yangu. Kisha akasema, "Nimemkagua. Kuna sharti niliweka mwenyewe nikasahau: sauti ikianza na kimya kirefu, anaihesabu kuwa tupu, anaiacha. Niliweka kwa sababu ulikuwa unanasa stoo tupu na kuniletea. Hiyo sauti yako inaanza na kimya, mjomba. Isikilizeni. Mama yupo hapo?"

Nikamtazama dada. "Niliapa."

Akainua mabega, akaashiria kwa kidole: cheza.

Nikaicheza. Kimya. Blanketi linasuguana. Mtu anapumua. Kimya tena, kirefu mpaka nikadhani Karani alikuwa sahihi, kwamba shahidi wangu aliingia mle ndani akakaa bure. Kisha koo likasafishwa, na sauti ya Kipaza ikasema:

"Weee Kamba! Hata mnipakie mimi juu ya hilo bati, sisemi ng'o!"

Halafu akacheka. Si kidogo. Kile kicheko chake chenyewe, cha kabati la vyombo linaloporomoka ngazi, sahani baada ya sahani, na unapodhani zimeisha kijiko kimoja kinafuata peke yake. Kikajaza stoo. Nilikuwa nimenasa namba, bei, matusi. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kunasa kicheko.

Mpwa wangu, kule kwenye simu, akavuta kamasi.

Dada alikuwa ameinama. Nikadhani nimemuumiza. Kumbe anaandika.

"Kiweke kwenye chekundu."

"Na kile kimya cha mwanzo? Nikate?"

"Usikate. Na usiguse kitu kingine."

Mpwa wangu akamwongezea Karani ruhusa ya sauti hiyo moja, mahali panapostahili. Karani akapita kwenye folda, akaandika faili lake. Kompaila ikasoma yote, ikanyamaza. Niliweka mikono mfukoni muda wote huo, kwa agizo la dada.

Jumamosi jamaa wa spika alikuwa amekwisha kupanda jukwaani, anapuliza, "Moja, mbili, jaribio." Dada akapanda ngazi na kisanduku kifuani, akasimama pembeni yake, akabonyeza.

"ONDOA MIKONO MICHAFU KWENYE KABATI LA WATU!"

Jamaa akaondoa mkono kabla hajajua ni nani kasema. Yadi ikalipuka kwa vicheko. Bosi alisimama chini ya jukwaa, mikono kifuani, hajashawishika. Majiko yakaenda. Vyerehani vikaenda, ila vyote kwa bei ya chini. Watu walipenda ile mashine, lakini niliona bosi anatikisa kichwa: kupenda mashine si kununua.

Likaja kabati kubwa la vioo. Mzee mmoja mwenye kofia, mteja mzoefu, akataja bei ya aibu akafunga mdomo, na hakuna aliyeongeza. Dada akabonyeza "nani anaongeza?" Hakuna. Zamani hapo angemtania mzee yule mpaka apande mwenyewe. Kidole chake kikazunguka juu ya vitufe. Kikatua kwenye chekundu.

Kimya.

Kisanduku kimeharibika, nikajua moyoni. Dada akamkazia macho yule mzee, hakupepesa. Kimya kikaendelea. Watu wakageuka kumtazama mzee. Mzee akavua kofia, akaivaa.

"Haya, naongeza," akasema.

Kimya. Mtu anapumua ndani ya spika.

"Naongeza tena, jamani, mbona mnaniangalia hivyo?"

"WEEE KAMBA! HATA MNIPAKIE MIMI JUU YA HILO BATI, SISEMI NG'O!" Na kicheko kikashuka ngazi na sahani zake zote. Hakuna aliyejua bati gani, lakini yadi nzima ilicheka, mzee wa kofia akiwemo, na nyuma mtu mwingine akapiga kelele akapandisha bei zaidi. Dada akabonyeza cha kijani. Bosi akamgeukia jamaa wa spika. "Wewe, shika upande ule, msaidie mteja kupakia kabati."

Tangu hapo jina langu hutukanwa kila Jumamosi mbele ya umati, na watu wasionijua hucheka. Sijali. Dada anadhani ameshinda. Lakini mgeni akifika nyumbani akaleta ubishi kuhusu kuku, simpeleki kwa dada. Namwingiza stoo, nafungua faili la kichwa, namwonyesha mstari ulioandikwa `#define NI_KWELI_NILIONA`, na namba yake mbele. Kisha nampandisha mpaka juu kabisa ya faili, asome mwenyewe ni nani aliyeuandika, na kama kuna mkono wa mtu uliougusa.